Stima Ikirudi na Seva Isirudi

Stima inarudi saa moja na robo jioni. Friji inaanza kunguruma, taa za ruta zinawaka moja baada ya nyingine, TV inaonyesha nembo yake. Kwenye rafu ya chini, ile kompyuta nyeusi iliyostaafu ofisini nayo imewaka na feni inazunguka. Hapo hapo inakwama. Inatuma ujumbe kwa skrini ambayo haijaunganishwa: saa haijawekwa, bonyeza F1 uendelee. Kibodi hakuna. Sebuleni wageni kutoka kijijini wanangoja video ya harusi, na TV inasema seva haipatikani.

Mashine ni nzima. Diski ni nzima. Video zote zipo.

Jambo hili limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa, kwa sababu karibu kila mwongozo wa kujenga seva ya video nyumbani huanza na prosesa, ukaendelea na RAM, ukamalizia na programu. Kwa anayeishi Nairobi naona huko ni kuanzia mwisho. Seva ni mashine inayotegemewa na watu wasioijua, wakati anayeijua amekwama kwenye jam ya Thika Road au yuko safarini. Swali la kwanza ni hili: stima ikipotea na kurudi, itasimama yenyewe?

Ukijibu hilo vizuri, kompyuta ya mtumba ya miaka kumi inatosha kabisa. Usipolijibu, hata mashine mpya ya bei kali itakuaibisha mbele ya mama mkwe.

## Betri ya duara

Ndani ya kila kompyuta ya mezani kuna betri ya duara, CR2032, ya volti 3. Kazi yake ni kuendesha saa mashine ikiwa haina umeme. Kwenye mashine kadhaa za zamani ndiyo pia inayotunza mipangilio ya BIOS, ile programu ya ndani inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows au Linux. Kompyuta ya ex-UK, yaani ya mtumba kutoka Uingereza, imekaa miaka ofisini, ikasafirishwa, ikakaa stoo, kisha dukani. Betri hiyo mara nyingi haijawahi kubadilishwa.

Ipime kwa mita. Ikisoma chini ya volti 2.8, itoe. Kwa kweli mimi ningeitoa bila hata kuipima, kwa vile bei yake ni ndogo mno kulinganisha na usumbufu wake.

Betri iliyokufa ina madhara mawili. La kwanza ni ule ujumbe wa F1. La pili linajificha zaidi: mashine inaamka ikidhani ni mwaka wa zamani, na kila tovuti salama inakataa kuongea nayo kwa sababu vyeti vya usalama vinaonekana havijaanza kutumika. Mtu anaanza kumlaumu mtoa huduma wa intaneti, kumbe ni saa tu.

Baada ya kuweka betri mpya, ingia kwenye BIOS: F10 kwa HP, F2 kwa Dell, F1 kwa Lenovo. Weka saa sawa. Tafuta mpangilio wowote unaosimamisha mashine kwa kukosa kibodi na uuzime. Kisha chomoa kibodi na skrini, zima umeme ukutani, hesabu hadi thelathini, rudisha. Ikifika kwenye mtandao yenyewe, umevuka hatua ya kwanza.

## Kabla hujatoa pesa

Maduka ya Moi Avenue na mitaa ya karibu yamejaa HP EliteDesk, Dell OptiPlex na Lenovo ThinkCentre kutoka ofisi za Ulaya. Muuzaji atakutajia i5, RAM na ukubwa wa diski. Wewe mwombe akuingize kwenye BIOS.

Mashine za kampuni huja wakati mwingine na nenosiri la msimamizi ambalo hakuna anayelijua tena. Windows itafunguka vizuri na kila kitu kitaonekana sawa, lakini hutaweza kubadilisha kinachotokea umeme unaporudi. Kwa seva, hilo ni tatizo kubwa kuliko RAM kidogo. Kompyuta nyingi za mezani za HP na Dell zina kijipini kwenye ubao mkuu cha kufuta nenosiri. Fundi akifute mbele yako, mashine iwashwe tena, uone BIOS ikifunguka. Halafu ndipo mzungumze bei.

Angalia pia umbo. Zile ndogo kabisa zinapendeza na hutumia umeme kidogo, ila hazina nafasi ya diski ya inchi 3.5 wala kisomea DVD. Zile bapa za wastani, zinazoitwa SFF, huwa navyo vyote viwili. Kwa familia yenye DVD za zamani kabatini, chukua SFF. Sababu nitaieleza hapo chini.

Jambo la mwisho dukani: pawasaplai. HP na Dell wa kizazi hiki hutumia plagi zao wenyewe, si ile ya pini 24 ya kawaida. Ikiungua, ya duka la jirani haitaingia. Ukimpata muuzaji mwenye mbili zilizofanana, moja ikiwa mbovu, uliza bei ya ile mbovu kwa ajili ya vipuri.

## “Power On”, si “Previous State”

Hapa ndipo pananifikirisha zaidi.

BIOS ina mpangilio wa kinachotokea umeme ukirudi. HP na Lenovo huuita “After Power Loss”, Dell huuita “AC Recovery”. Chaguo ni tatu: baki umezimwa, washa, au rudi ulivyokuwa. Wengi huchagua la tatu kwa sababu linasikika la busara: kama ilikuwa imewaka, iwake.

Sasa ongeza UPS, kile kisanduku cha betri kinachoshikilia umeme stima ikipotea.

UPS ndogo ya 650 VA huwa na betri ya volti 12, saa-ampea 7. Kwenye karatasi hizo ni wati-saa 84. Toa hasara ya kugeuza umeme na uchakavu wa betri, hesabu nusu. Seva ya wati 20 na ruta ya wati 10 zitaishi saa moja na dakika ishirini hivi. Kwenye Linux, programu ya NUT inaongea na UPS kwa waya wa USB, na betri ikikaribia kuisha inaizima seva kwa utaratibu. Nyingi hufanya kazi na draiva ya `usbhid-ups`; zile za bei nafuu zisizo na jina mara nyingi huhitaji `nutdrv_qx`. Amri ya `upsc` ikikuonyesha `OL` uko kwenye stima, `OB` uko kwenye betri, `LB` betri inaisha.

Basi stima imepotea, NUT imeizima seva vizuri. Stima inarudi. Kwa “Previous State”, mashine inakumbuka kwamba ilikuwa imezimwa, na inabaki imezimwa. Imetii agizo sawasawa.

Kwa hiyo chagua “Power On”. Lakini bado kuna mtego, na huu ndio mkubwa.

Tuseme seva imezimwa na NUT, ila UPS bado ina chaji kidogo inayoendesha ruta. Stima inarudi kabla betri haijaisha kabisa. Kwa upande wa seva, umeme haukuwahi kukatika hata sekunde moja. Waya wake ulikuwa na volti 240 muda wote. Haina sababu ya kuwaka. Inakaa kimya na stima ipo.

NUT ina jibu: baada ya kuzima seva, huiagiza UPS ikate umeme wake wa kutoka, kisha iurudishe stima ikirudi. UPS nzuri hutii. Za bei nafuu, baadhi hupokea agizo na kulipuuza. Kujua ni kujaribu tu. Siku ambayo hakuna anayetazama kitu, na stima ikiwepo, andika:

`sudo upsmon -c fsd`

Seva inatakiwa kuzimika, UPS ikate kwa muda mfupi, irudishe, seva iwake. Seva ikizimika na UPS isikate, umepata jibu.

UPS ikiwa ya aina hiyo, usiitupe. BIOS za HP na Dell zina saa ya kujiwasha: HP huiita “BIOS Power-On”, Dell “Auto On Time”. Iweke 17:00 kila siku, kabla watu hawajarudi nyumbani. Sasa mipangilio miwili inasaidiana. Stima ikikatika kabisa hadi UPS ikaisha, “Power On” itaiwasha ikirudi. Stima ikirudi UPS ikiwa bado na chaji, saa ya jioni itaiwasha. Unaona tena kwa nini ile betri ya duara ni muhimu: saa ikilala, kengele hii nayo inalala.

Bado kuna mwanya. Ikifika 17:00 na nyumba iko gizani, UPS ina chaji ya mwisho mwisho, seva itaamka, NUT itaona `OB LB` na kuizima tena. Stima ikirudi dakika kumi baadaye, utangoja hadi kesho jioni. Kwa mwanya huo weka Wake-on-LAN, njia ya kuiwasha mashine kupitia mtandao: programu ndogo ya simu yenye kitufe kimoja, kwenye simu ya mtu aliye nyumbani. Mfundishe mara moja.

Wapo wanaosema achana na UPS kabisa, acha seva ife na kufufuka na stima. Hoja yao si ya kupuuza. Mfumo wa faili wa ext4 una jarida linaloiwezesha kuamka bila kuharibika mara nyingi, na video zinazosomwa tu hazina cha kupoteza. Kilicho hatarini ni hifadhidata. Jellyfin, programu ya seva inayotuma video kwa TV, hutunza orodha yake ya video, na kumbukumbu ya nani amefika wapi, kwenye faili za SQLite ndani ya `/var/lib/jellyfin`. Umeme ukikatika inapoandika, huenda ukaanza upya kupanga maktaba yote. Kama stima ya mtaa wako hukatika mara chache, na folda hiyo unaitolea nakala kila usiku, kukosa UPS kunavumilika. Kama hukatika mara mbili kwa wiki, nunua UPS.

## Prosesa

Sehemu hii ni fupi kuliko watu wanavyodhani.

Seva ikituma faili jinsi ilivyo na TV ikaichezesha yenyewe, prosesa haifanyi kazi yoyote ya maana. Hata ya kizazi cha 4 cha Intel, ya mwaka 2013, itahudumia TV tatu. Kazi huanza faili isipofanana na uwezo wa TV, seva ikalazimika kuigeuza papo hapo. Hapo unataka Quick Sync, sehemu ya chipu ya Intel inayogeuza video bila kuichosha prosesa.

H.264 na HEVC ni namna mbili za kubana video. Kizazi cha 4 kinamudu H.264. Cha 6 kinaongeza HEVC ya biti 8. Cha 7 kinaongeza HEVC ya biti 10, ambayo ndiyo simu nyingi hurekodi zikiwa kwenye HDR. Hivyo kizazi cha 7 ndicho ninachokipendekeza. Kuwa makini: EliteDesk 800 G3 moja huwa na i5-6500 na nyingine i5-7500, kasha lile lile. Soma namba kwenye BIOS.

Kwa Jellyfin kwenye Debian, mtumiaji wa programu lazima aruhusiwe kuigusa chipu hiyo:

`sudo usermod -aG render jellyfin`

Anzisha Jellyfin upya, kisha washa QSV, yaani hiyo Quick Sync, kwenye ukurasa wa mipangilio ya uchezaji. Ukisahau mstari huo, ugeuzaji utakataa na utadhani chipu imekufa. Plex nayo ni nzuri, lakini kugeuza kwa chipu kunahitaji uilipie. Jellyfin, iliyochipuka kutoka Emby mwishoni mwa mwaka 2018, haina malipo kwa lolote.

Sababu mbili za ugeuzaji usio wa lazima: manukuu ya picha, yale yanayotoka kwenye DVD na Blu-ray, ambayo mara nyingi seva hulazimika kuyachora juu ya video, na sauti ya DTS kwenye TV isiyoijua. La kwanza hutibiwa kwa manukuu ya maandishi, SRT. La pili kwa mstari mmoja, usiogusa picha hata kidogo:

`ffmpeg -i zamani.mkv -c:v copy -c:a aac -b:a 192k mpya.mkv`

Dakika chache, mara moja, na imekwisha.

## DVD ya harusi

Nyumba nyingi za Nairobi zina zile DVD: harusi, ruracio (sherehe ya mahari), mahafali, mazishi ya babu. Mpiga video alichoma nakala kadhaa, jina likaandikwa kwa kalamu ya rangi. Za kuchoma nyumbani hutegemea rangi maalum ya kemikali inayofifia kwa joto, mwanga na miaka. Flashi ya filamu utaipata tena mahali pengine. Sauti ya babu akitoa baraka haipatikani tena popote. Kama kuna sababu moja ya kuwa na seva nyumbani, kwangu ni hiyo.

Usifungue DVD na kunakili faili kwa kuburuta. Ikikutana na sehemu mbovu itasimama na kukuachia nusu. Tumia ddrescue, inayochukua kwanza kinachosomeka kirahisi, kisha inarudia palipogoma:

`ddrescue -b 2048 -n /dev/sr0 harusi.iso harusi.map`

`ddrescue -b 2048 -d -r 3 /dev/sr0 harusi.iso harusi.map`

Faili ya `.map` ndiyo siri yenyewe. Inakumbuka sehemu zilizokosekana. Futa uso wa DVD kwa kitambaa laini kuanzia katikati kwenda nje, au ipeleke kwenye kisomea kingine kabisa, uendeshe amri ya pili tena kwa faili zile zile. Kisomea kimoja hushindwa pale kingine kinapoweza. Kama ndugu yako wa Nakuru ana nakala nyingine ya DVD hiyo hiyo iliyochomwa siku ile ile, iombe. Mikwaruzo yake haitakuwa mahali pale pale.

DVD ya upande mmoja wa tabaka moja ni GB 4.7, kwa hiyo ishirini hazifikishi GB 100. Tunza hizo faili za ISO kama zilivyo, na kando yake tengeneza nakala ya TV. Picha za DVD za Kenya ni za PAL, mistari 576, na nyingi zimepishanishwa mistari. Mwendo wa mtu anayecheza ngoma huonekana na meno. Kichujio cha `bwdif` cha ffmpeg huondoa hayo meno.

Harusi za karibuni zina tatizo tofauti. Mpiga video akikupa faili ghafi za kamera, huenda ni H.264 ya biti 10, na hiyo Quick Sync ya mashine hizi haiifungui. Igeuze mara moja, usiku:

`ffmpeg -i ghafi.mp4 -c:v libx264 -crf 20 -preset slow -pix_fmt yuv420p -c:a aac tv.mp4`

## Diski isipofika

Umeme ukirudi, diski ya zamani inaweza kuchelewa kuzunguka, au isizunguke kabisa. Linux kwa kawaida ikiikosa diski iliyotajwa kwenye `/etc/fstab` hukataa kuendelea na kuomba msimamizi aje kwenye kibodi. Tumerudi pale pale. Tumia UUID, namba ya kipekee ya diski, si jina la `/dev/sdb` linaloweza kubadilika, na ongeza maneno mawili:

`UUID=... /mnt/video ext4 defaults,nofail,x-systemd.device-timeout=15s 0 2`

Hiyo inaacha mashine iwake bila diski. Lakini Jellyfin nayo ikiwaka bila diski itaiona folda tupu, na huenda ikadhani video zimefutwa. Kwa hiyo endesha `sudo systemctl edit jellyfin`, uandike:

`[Unit]`
`RequiresMountsFor=/mnt/video`

Diski ikikosekana, Jellyfin haianzi, nawe unaweza kuingia kwa SSH ukiwa mbali na kuona kulikoni. Kisha, diski ikiwa haijaunganishwa, endesha `sudo chattr +i /mnt/video`. Folda hiyo tupu sasa haiandikiki, kwa hiyo hakuna programu itakayojaza diski ya mfumo ikidhani inaandika kwenye ile kubwa.

Diski ya mtumba ipimwe kwa `smartctl -a` kabla ya kuaminiwa chochote. Mistari ya namba 5, 197 na 198 isome sifuri. Namba 9 ni saa ilizofanya kazi. Diski iliyotoka kwenye CCTV ikiwa na saa 40,000 imewaka zaidi ya miaka minne na nusu mfululizo. Endesha jaribio refu kwa `smartctl -t long`, ulale, usome matokeo asubuhi.

Diski ya nje ya USB 3 isikae kando ya ruta. Waya na viunganishi vyake hutoa kelele kwenye masafa ya 2.4 GHz, na Wi-Fi ya nyumba nzima inalegea bila sababu inayoonekana.

## Tokeni

Seva ya wati 20 inayowaka mwezi mzima hula uniti 14.4. Kompyuta ya zamani zaidi, zile za Core 2 Duo, inaweza kula wati 70 bila kufanya kitu: uniti 50. Bei ya uniti hubadilika kila mwezi kufuatana na mafuta na dola, lakini kwa shilingi 30 hivi tofauti ni kama elfu moja kwa mwezi. Hiyo mashine ya bure uliyopewa na ofisi si ya bure.

Lingine halizungumzwi sana. Nyumba inayotumia chini ya uniti 30 kwa mwezi hulipa bei ya chini kwa kila uniti. Bedsita yenye taa, simu na TV ikiongezewa seva ya uniti 14 inaweza kuvuka mpaka huo, na uniti zote zikapanda bei. Kwa nyumba kama hiyo, iwashe seva jioni pekee. Ile kengele ya 17:00 itaiwasha, na mstari mmoja wa cron, ratiba ya kazi ya Linux, utaizima saa tano usiku.

## Diski ya pili

UPS haizuii mwizi, wala maji yanayovuja kutoka kwa jirani wa juu. RAID, yaani diski kadhaa ndani ya mashine moja zinazofanya kazi kama moja, nayo haizuii. Video za familia zinahitaji diski ya pili katika nyumba nyingine: kwa dada Kitengela, kwa wazazi Murang'a, popote ambapo si hapo. Ifunge kwa nenosiri kwa kutumia LUKS ili ikipotea njiani isisomeke.

Nakili kwa `rsync -a` bila `--delete`, maana ukifuta kitu kwa bahati mbaya hapa, `--delete` itakifuta na kule. Diski inapokuja mjini, kabla ya kunakili lolote jipya, endesha `rsync -anci` kati ya folda zote mbili. Inasoma kila faili mwanzo hadi mwisho bila kuandika kitu, kwa hiyo ianzishe jioni. Ikitaja faili ya zamani ambayo hukuigusa, moja kati ya nakala hizo mbili imeharibika. Fungua zote mbili, tazama ipi inacheza hadi mwisho, na usiandike juu ya yoyote hadi ujue.